Filamu Sitini na Tatu Bila Jina

Jumatatu, 7 Machi 1927

Siku kubwa leo. Niandike haraka kabla hasira haijapoa.

Bwana Garfinkel, mwenye studio, alitukusanya uani asubuhi, sisi wote tunaoanguka ili tule. Akapanda juu ya sanduku lake. Bila sanduku yule bwana anahutubia mikanda ya suruali zetu. Akatangaza kwamba kuanzia filamu hii ya dobi, pale mwanzo kabisa, chini ya jina la nyota wetu, Snips Delaney, litaandikwa jina la mwigizaji msaidizi mmoja. Mmoja tu! Ni yule atakayechekesha kuliko wenzake Jumamosi, filamu itakapojaribiwa mbele ya watu kule Glendale. Bi Pogue, mpima vicheko wa studio, atakaa mstari wa mbele na daftari lake kama kawaida. Kicheko kikubwa, misalaba mitatu. Kidogo, mmoja. Pasipo kicheko, mkasi.

Mimi, Lemuel Tibbets, nimeigiza filamu sitini na tatu. Polisi mara thelathini na moja. Baba wa bibi arusi mara tisa. Nusu ya nyuma ya farasi mara mbili, na watu waliicheka hiyo nusu, si ile ya mbele. Jina langu halijaandikwa hata mara moja. La Admirali limeandikwa. Admirali ni mbwa!

Mpinzani nina mmoja tu, Augie Brandl. Mnene kama mimi. Masharubu yake ya bandia yanatoka kopo moja na yangu, kwa sababu mwongozaji wetu, Quimby, anataka wote tufanane, ili mmoja akivunjika mbavu mwingine aendelee pale pale. Tunapanga nyumba moja pia, yeye juu, mimi chini. Baada ya tangazo alinishika mkono akasema, "Basi kaka, atakayepata na apate." Unafiki mtupu.

Sikubali kufa bila jina. Safari hii watanijua.

Jumanne, 8 Machi

Kipande cha Augie kimepigwa leo. Anaingia kwa dobi akiwa polisi, anakanyaga sabuni, anateleza hadi mlango wa pili na kutokea barabarani. Kazi rahisi mno. Wakati wa chai, watu walipotawanyika, nikamwaga mchanga juu ya sabuni. Ndoo nzima. Asipoteleza, nani atacheka?

Akaingia mbio, mikono keshaitandaza kwa ajili ya kuteleza. Hakuteleza. Akasimama wima! Akatazama viatu vyake. Akaitazama sakafu kwa uchungu, kama mtu aliyealikwa harusini akakuta mlango umefungwa. Akarudi nje, akabisha hodi, akaingia upya kwa adabu. Wapi! Akavua kofia akaanza kuibembeleza sakafu.

Watu hoi. Mpiga picha alicheka mpaka mpini wa kamera ukawa unakwenda kombo. Quimby akapiga kelele kwamba ni hicho hicho, kisirudiwe, na aliyeweka mchanga ajitokeze ashukuriwe. Sikujitokeza. Yaani hata shukrani yangu mwenyewe siwezi kuipokea!

Jumatano, 9 Machi

Zamu yangu. Na kipande changu ndicho kipande hasa. Mteja anayesubiri suruali yake anarudi kinyumenyume, anatumbukia kwenye pipa la wanga, anaibuka, wanga unamkaukia, anatoka mkavu kama ubao. Nilimwomba mpishi wa studio anipikie wanga vuguvugu. Akanijibu kwamba yeye hupikia watu, hapikii mapipa. Ukaletwa wa baridi, mzito kama uji wa hospitali.

Mpango wangu ulikuwa kubaki chini. Mpiga picha hawezi kuacha kuzungusha mpini mpaka niibuke, kwa hiyo kila sekunde niliyo chini ni sekunde yangu kwenye filamu! Nikaamua kuhesabu hadi ishirini. Nikatumbukia vizuri sana (niseme kweli tu, pwani hii yote hakuna anayetumbukia kama mimi). Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Mara kitu kizito kikaniangukia mgongoni.

Augie! Kajirusha na kofia yake ya polisi kuja kuniokoa. Alinishika masharubu kwanza, yakabaki mkononi, akadhani kaning'oa mdomo, akapiga yowe. Nikaibuka nimtukane, kinywa kimejaa wanga, yakatoka mapovu matupu. Tukateleza tukarudi ndani wote wawili. Mara tatu. Quimby alikaa chini kabisa, machozi yanamtiririka, mkono anaupunga kwamba kamera isisimame.

Basi kipande changu sasa kina watu wawili, wote wanene, wote weupe pe. Mama yangu mzazi asingejua mimi ni yupi. Augie akaniuliza kama mimi ni mzima. Nikamwambia nilikuwa mzima mpaka alipokuja. "Pole kaka," akasema, "nilihesabu hadi kumi nikaona umeshatutoka."

Suruali yangu nimeivua. Imesimama yenyewe kando ya kitanda. Na mafua yananinyemelea.

Alhamisi, 10 Machi

Nyumba ya Mama Novotny, hii tunayopanga, ina sheria moja ya mezani. Mwenye jina kwenye sinema anakaa karibu na jiko na anachagua nyama kwanza. Anayekaa hapo ni Bi Fern Lusk, ambaye hajawahi kuigiza hata kivuli. Anamfunza Admirali, basi! Jina ni la mbwa, paja la kuku ni la Bi Lusk, na Admirali mwenyewe, jibwa lenye ukubwa wa ndama, anakula maini chini ya meza huku akinikanyaga. Mimi nimepata shingo. Wiki ya nne mfululizo, shingo.

Nilikuwa naifyonza hiyo shingo nikasikia kwaya ya kanisa la Mama Novotny inafanya mazoezi sebuleni. Watu ishirini na wawili, na mapafu hayo! Nikaiacha shingo kwenye sahani.

Nikamwendea mwalimu wao, Bwana Sedlacek, fundi viatu. Nikamwambia kwaya ije Glendale Jumamosi, icheke nikitumbukia kwenye wanga, nami nitamleta Snips Delaney mwenyewe awe mwamuzi kwenye shindano lao la keki wiki inayofuata. (Snips hajui. Atajua.) Akasema hiki ni kipindi cha Kwaresima, kwa hiyo watacheka lakini hawatafurahi. Nikamwambia furaha yao siihitaji.

Tukafanya mazoezi. Nilianguka kwenye zulia la Mama Novotny mara kumi na nne. Besi wanachelewa, soprano wanamaliza kucheka kabla sijafika chini. Sedlacek akawapanga. Besi waanze, soprano wapande juu yao, wote wakate mara moja anapofunga kiganja. Mara ya mwisho kilitoka kicheko kizuri hata nywele zikanisimama. Nilibaki pale zulini nikikisikiliza. Miaka kumi na moja ya kuanguka, na hicho ndicho kicheko cha kwanza nilichojua bila shaka ni changu.

Ijumaa, 11 Machi

Tatizo. Sedlacek ameuliza, kwa kuwa tuko wanene wawili wenye masharubu na wote tunaanguka, kwaya itajuaje nani ndiye? Swali la haki. Inabidi niwape ishara mle gizani. Kupiga mluzi siwezi, koo limekauka kwa mafua. Kukohoa kila mtu anakohoa. Nikawaambia nitapiga chafya moja, kubwa, ya makusudi. Wakisikia chafya, wacheke. Nani atamshuku mtu mwenye mafua?

Mpango hauna tundu.

Jumamosi, 12 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeteguka.

Ukumbi wa Glendale ulijaa. Bi Pogue mbele, penseli sikioni. Kwaya nyuma, nguo za kanisani, mikono mapajani. Mimi katikati, kando ya njia. Na nani anakuja kukaa karibu yangu? Augie! Kaniletea peremende za limau kwa ajili ya koo. Nikazila, lakini sikumwambia asante.

Nilisahau kwamba kabla ya filamu yetu huonyeshwa ile ndefu. Ilikuwa ya majonzi. Mama mzee yu kitandani anakata roho, mtoto wake yuko kwenye treni, treni imekwama kwenye theluji. Ukumbi mzima leso machoni. Mama akanyanyua mkono kwa mara ya mwisho, pua ikaanza kuniwasha. Nikaibana. Nikaiziba kwa kofia. Chafya haisikii la mtu.

Besi wakaanza. Soprano wakapanda juu yao. Sedlacek akafunga kiganja, wakakata. Safi kabisa! Ukumbi wote ukageuka. Nikataka kuwapungia mkono waache, nikapiga ya pili. Wakacheka tena, vizuri zaidi. Mama kafa, chafya ya tatu. Mazishi, ya nne na ya tano. Mzee mmoja alilia kwa sauti kwamba watu hawa hawana mama? Akaja msimamizi wa ukumbi na tochi akawatoa wote ishirini na wawili. Sedlacek alikataa watoke ovyo. Wakatoka kwa mpangilio wa sauti zao, besi kwanza.

Basi filamu yetu ikaanza, na kicheko changu kiko nje kwenye baridi! Kikaingia kile kipande cha Augie na sakafu. Nikajua bado dakika tatu nitumbukie kwenye pipa. Nikainuka, nikakimbia kwenda mlangoni kuwarudisha japo besi tu. Msimamizi akanigeuza. Nikarudi mbio gizani, na ile njia ni mteremko. Sedlacek alikuwa ameacha mwavuli wake sakafuni. Nikaukanyaga.

Nilishuka njia yote kwa mgongo. Nilishika kofia ya mama mmoja, ikaja na nywele. Nikapiga chafya hewani. Nikamwangukia Augie mapajani, kiti kikavunjika, tukaenda chini na mstari mzima.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walisimama. Yule mzee wa majonzi alikuwa anapiga magoti ya jirani yake kwa ngumi. Na Bi Pogue, ambaye kazini hageuki nyuma hata ukumbi ukiungua, alitazama kitambaa cha sinema, akamwona Augie anaibembeleza sakafu, akaandika. Misalaba mitatu. Halafu wa nne! Wa nne haujawahi kuwepo.

Pipa la wanga lilipofika watu walikuwa wamechoka. Wakapumua tu. Msalaba mmoja kwa watu wawili, sawa na nusu yangu.

Jumapili, 13 Machi

Kicheko kile ni changu. Kimeandikwa kwa Augie. Na siwezi kukidai! Nikisema mimi ndiye niliyeanguka, wataniuliza nilikuwa natoka wapi, na habari ya kwaya itajulikana, na Garfinkel atanifukuza kabla ya chakula cha mchana.

Mama Novotny ameshasikia kwamba kwaya yake ilicheka marehemu. Hajanipa hata shingo. Kabichi tu.

Augie amebisha mlangoni mara mbili. "Lem, nifungulie kaka, nina neno kuhusu kile kicheko." Amekuja kujitapa, huyo! Nikamwambia nimelala. Akaanza kusemea tundu la funguo. Nikaimba wimbo wa kwaya, beti zote nne, mpaka akapanda ngazi kwenda kwake.

Inauma. Nitaandika hivyo hivyo, inauma. Lakini sijashindwa.

Jumatatu, 14 Machi

Dhihaka kila kona leo. Augie aliingia ofisini kwa Garfinkel asubuhi na mapema, bila shaka kupokea pongezi. Kutoka hapo watu wote wakawa wananitazama wakitabasamu. Mpiga picha alinigonga bega. Bi Pogue, mwanamke ambaye hajawahi kunisalimu, alinisimamisha kunipa hongera. Hongera ya nini? Ya nusu msalaba? Nikamwambia siombi huruma ya mtu, nikaondoka na kichwa juu, nikajigonga kwenye ngazi.

Garfinkel akaniita kutoka dirishani. Sikugeuka. Acha wacheke.

Jina linaandikwa kesho, kwenye ubao wa mwanzo. Mchoraji wetu, mzee Ives, ataandika kwa rangi nyeupe juu ya nyeusi, ubao upigwe picha, filamu iondoke na treni ya saa kumi kwenda New York. Rangi ile huchukua muda kukauka.

Hilo ndilo nilitaka kujua.

Jumanne, 15 Machi

Saa sita na nusu mzee Ives alitoka kwenda kula. Nikaingia na sifongo na tapentaini ya kufutia rangi. Ubao ulikuwa umesimamishwa, uso umeelekea ukutani vumbi lisiushike. Sikuugeuza. Sikutaka hata kuliona jina lake! Nikapitisha mkono kwa nyuma, nikafuta mstari wa chini, kulia kwenda kushoto, mara tatu, polepole, kwa raha yangu. Nikatoka nikila tufaha.

Saa tisa tukaitwa uani. Garfinkel juu ya sanduku. Akasema leo anataka kutaja mtu mwenyewe kwa mdomo, maana mtu huyu amekuwa hashikiki tangu jana. Akasema Augie Brandl alimfuata Jumatatu akamweleza kwamba ile misalaba minne si yake hata kidogo, kwamba mwenye kicheko ni jamaa aliyemwangukia mapajani mle gizani. Akasema alitaka kumfukuza jamaa huyo kwa habari ya kwaya, iliyokuwa imeshamfikia, lakini alicheka mpaka akashindwa kuandika barua. Mtu anayechekesha akiwa haonekani, akasema, huyo ndiye wa kuandikwa. Akamwashiria mzee Ives augeuze ubao.

Juu, SNIPS DELANEY, safi. Chini, ukungu mweupe. Mwisho kabisa, upande wa kulia, mahali ambapo sifongo haikufika, zilibaki herufi mbili. TS.

Sitini na tatu, na nilikuwa naifuta ya sitini na nne kwa mkono wangu mwenyewe, tena ule mzima.

Kuandika upya hakukuwezekana, treni haingojei. Wakachukua ubao wa mwaka jana. Snips Delaney, na Admirali. Garfinkel, mwekundu kama nyanya, akauliza ni nani aliyegusa. Mkono wangu wa shati ulikuwa mweupe hadi kiwiko, nanuka tapentaini. Augie alikuwa kando yangu. Aliuona. Akajisogeza mbele yangu kidogo na unene wake wote, akasema labda ni mbwa, maana aliona mkia karibu na mlango wa Ives.

Admirali akapapaswa kichwa. Pale studio mbwa hagombezwi.

Jumatano, 16 Machi

Chakula kama kawaida. Bi Lusk kachukua paja. Augie kapata bawa, mimi shingo. Alilikata bawa lake katikati, akaweka nusu kwenye sahani yangu. Niliona aibu. Niliona aibu kweli, kama dakika tatu. Nikamuuliza kwa nini alikwenda kusema, wakati jina lilikuwa lake tayari. Akasema, "Kaka, nimefanya kazi miaka minane nachekwa kwa haki. Sasa nichekwe kwa wizi?" Nililila lile bawa.

Lakini nilipokuwa nalila nilifikiri. Kosa halikuwa sifongo. Kosa halikuwa kwaya wala chafya. Ubao una nafasi mbili, na moja imekaliwa na nani? Na mbwa! Ukweli umekuwa chini ya meza muda wote huu, unanikanyaga.

Sedlacek anamdai Snips wake wa keki, Jumamosi hii. Nimemwambia Snips anaumwa, lakini nitamletea jina kubwa zaidi. Admirali atahukumu keki zote kumi na nne, na atahukumu mpaka sahani ziwe safi. Jumatatu anatakiwa aruke kupitia dirishani katika filamu mpya. Mbwa aliyekula keki kumi na nne haruki dirisha. Atatafutwa wa kuruka badala yake. Stoo ipo ngozi ya mbwa, nimeijaribu jioni hii, inanibana tumboni tu. Dirisha pia nimelipima. Napita, nikishusha pumzi.

Nilimwambia Augie, kwa kuwa sasa ni kama ndugu. Akatafuna polepole. Akaniuliza, nikiwa ndani ya ngozi ya Admirali, nikaruka vizuri kuliko Admirali, watu wakacheka mpaka misalaba mitano, pale ubaoni litaandikwa jina la nani?

Wivu tu huo.